Kigoda cha Waliochoka

Twaambo aliamka gizani bila kusubiri jogoo, kwa sababu jogoo alikuwa ameliwa tangu Krismasi. Alijifunga kitenge, akachukua madumu mawili na kuelekea kwenye kisima cha pampu. Kijiji cha Siamuloba kilibakiwa na pampu moja tu iliyokuwa ikitoa maji, na foleni yake ilianza kabla ya watu kuona njia. Alijipanga nyuma ya wanawake waliokuwa wamekaa juu ya ndoo zao. Hakuna aliyezungumza sana. Mwaka ule, katika Bonde la Gwembe, watu walikuwa wanabana matumizi hata ya mate.

Mvua ilikuwa imenyesha kidogo mwezi wa Desemba, ikawadanganya watu wakapanda, kisha ikaenda zake. Mahindi yalikauka yakiwa urefu wa magoti. Hata ziwa, lile ziwa kubwa lililofunika vijiji vya babu zao wakati bwawa lilipojengwa, lilikuwa limerudi nyuma. Vigogo vya miti iliyozama zamani vilikuwa vinaonekana tena, vyeusi, vimesimama kwenye matope kama watu wanaosubiri gari lisilokuja.

Twaambo alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na aliishi na Bibi Chabota, mama wa mama yake. Mama mwenyewe alikuwa amepanda kwenda mjini kutafuta kibarua. Magoti ya bibi yalikuwa yamegoma, hivyo maji yalikuwa ya Twaambo, kuni zilikuwa za Twaambo, na mbuzi waliosalia walikuwa wa Twaambo kuwafungua na kuwafunga. Alipofika shuleni kichwa chake kilikuwa kizito, na dawati lilimwita kama kitanda.

Kando ya mlango wa nyumba yao kulikuwa na kigoda cha mti, cheusi kwa kukaliwa, kilichochongwa kutoka gogo moja. Mguu wake mmoja ulikuwa na kovu la moto. Kovu hilo Twaambo alilijua vizuri. Alipokuwa mdogo sana alikisukuma kigoda hadi mekoni ili afikie sufuria, na alichapwa kwa ajili yake.

Siku moja Mwalimu Hanzala, aliyefundisha darasa la saba, aliwaambia wanafunzi wake kwamba makumbusho ya mkoa, huko juu uwandani, yalikuwa yanafungua chumba kipya cha mambo ya watu wa bonde. Darasa lao lilikuwa limealikwa. Kila mmoja aombe nyumbani kitu cha zamani cha kuazimisha. Mwalimu alisisitiza jambo moja, na alilirudia mpaka wakaanza kuangaliana: kitu bila habari zake ni kuni tu. Waketi na wazee wao, wasikilize kitu hicho kilitoka wapi na kilifanya kazi gani, kisha wakaeleze wenyewe mbele ya watu wa makumbusho.

Jioni, baada ya kula nsima, ugali wa mahindi ya msaada, na mlenda, Twaambo alimweleza bibi yake. Bibi Chabota alifikiri kidogo, akaelekeza kidevu mlangoni.

"Chukua kigoda cha baba yangu," alisema. "Lakini keti kwanza. Hakiendi mahali bila maneno yake."

Akaanza kusimulia. Bibi hakuwa mtu wa kupita njia ya mkato. Alianzia kwenye malori yaliyokuja kuwahamisha kutoka kando ya mto, akaeleza vumbi, akaeleza mbwa walioachwa ambao walikimbia nyuma ya malori mpaka wakashindwa. Twaambo alikuwa amejilaza kwenye mkeka. Aliwaona wale mbwa. Aliwaona wakipungua mwendo mmoja mmoja, na sauti ya bibi ikawa inatoka mbali, kama ya mtu wa ng'ambo ya pili.

Alipozinduka, moto ulikuwa majivu na mtu alikuwa amemfunika kitenge. Asubuhi, akiwa anafunga kamba kwenye kigoda ili akibebe mgongoni, bibi alimuuliza alisikia mpaka wapi. Lori la shule lilikuwa linapiga honi barabarani. Kusema kweli kungemfanya bibi aanze upya, na Twaambo hakuwa na nguvu ya kuanza upya.

"Yote, Bibi," alijibu.

Bibi Chabota alimtazama, akamfunga vizuri ile kamba.

Lori lilipanda mlima kwa kukoroma, likipumzika kila kona kama mzee. Watoto walikaa juu ya magunia matupu, wameshika vitu vyao: kapu la kupepetea, shanga, mtego wa samaki, jembe la mkono lililobaki kipande. Cheelo, mvulana aliyependa kuigiza watu, alishika kijiti akakifanya fimbo, akawa anatembea ameinama kati ya miguu ya wenzake, akichungulia chini huku na huku.

Kila mtu alijua anamwigiza nani. Mzee Siabasimbi, mlinzi wa malende, yaani mahali pa kuombea mvua, katika kijiji cha jirani, alikuwa anaonekana kila asubuhi kwenye matope ya ziwa. Alitembea kati ya vile vigogo vyeusi, akichokora kwa fimbo. Alikuwa anatafuta kigoda cha malende. Kigoda hicho alikikalia mwita mvua wa zamani kabla maji ya bwawa hayajapanda, na siku ya malori kilipotea. Siabasimbi alikuwa mtoto wakati huo. Sasa maji yaliporudi nyuma aliamini kwamba kigoda kingejitokeza. Watoto walicheka, na Twaambo alicheka nao kidogo, kwa sababu kicheko nacho ni kazi.

Makumbusho yalikuwa jengo la matofali mekundu lenye bustani iliyokauka. Umeme ulikuwa kwenye mgao, hivyo madirisha yalikuwa yamefunguliwa na vitu vilionekana nusu nusu: ngoma ndefu za misiba, pembe za kupulizwa, viko vya kibuyu walivyovuta bibi zao, mtumbwi uliopasuka. Twaambo alipita mbele ya vitu hivyo huku miguu ikimuuma. Alitamani kukaa chini, lakini mlinzi alikuwa amewaonya wasikae mahali popote wala wasiguse chochote.

Mhifadhi wa makumbusho aliitwa Bi Muchindu, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Aliwapanga watoto katika chumba kipya, akawaita mmoja mmoja. Cheelo alieleza mtego wa babu yake vizuri mno, mpaka akaonyesha jinsi samaki anavyojutia kuingia. Watu walicheka wakampigia makofi. Kisha Bi Muchindu akatamka jina la Twaambo.

Alisimama na kigoda mikononi. Alitafuta kichwani mwake habari za kigoda akakuta mbwa tu. Malori, vumbi na mbwa. Mwalimu Hanzala alimwitikia kwa kichwa kumtia moyo. Ilikuwa saa ya njaa, na jasho lilimwingia machoni. Angeweza kusema, "Sijui, nililala." Ni maneno mawili tu. Lakini wenzake wote walikuwa wanajua habari za vitu vyao, na maneno mengine yalikuwa tayari mdomoni, yamepanda naye kwenye lori.

"Hiki ni kigoda cha malende," alisema. "Mwita mvua alikikalia kabla ya bwawa. Siku ya malori, baba yake bibi yangu alikifunga kwenye nguo akakipakia, asimwambie mtu."

Bi Muchindu alivaa miwani. Aliuliza kama ni kweli, na Twaambo akasema ni kweli. Mwalimu Hanzala alifungua mdomo kama mwenye swali, akaufunga. Kigoda kilichukuliwa kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, kikawekwa ndani ya kabati la kioo katikati ya chumba. Twaambo akapigwa picha kando yake.

"Kumbe kwenu mna mambo makubwa namna hiyo, halafu unakuja kuniazima kalamu," Cheelo alimnong'oneza.

Twaambo alisinzia njia nzima ya kurudi, lakini usingizi wenyewe haukumpumzisha.

Habari zilishuka bondeni haraka kuliko lori. Redio ya jamii ilizitangaza kwa Kitonga, lugha yao, kwamba kigoda cha mvua kilichopotea kimeonekana, na kwamba kilikuwa kimefichwa miaka yote hiyo na familia moja ya Siamuloba. Mtangazaji hakutaja jina. Hakukuwa na haja.

Asubuhi iliyofuata Twaambo alipofika kisimani, wanawake waliokuwa wanazungumza walinyamaza. Mmoja aliivuta ndoo yake karibu. Mwingine, aliyekuwa amezoea kumtwika dumu kichwani, aligeuka kutazama upande mwingine. Alipokuwa anaondoka alisikia sauti nyuma yake ikisema, si kwa nguvu wala si kwa siri, kwamba sasa wanajua mvua ilikwenda wapi. Ilikuwa imefungiwa nyumbani kwa Chabota, inakaliwa mlangoni kila siku.

Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. Alikuwa ametaka tu kumaliza zamu yake ya kusema na kurudi kukaa. Hakuwa amefikiria kwamba ukiwa na kitu cha malende ambacho hukupewa, wewe ni mwizi, na kwamba mwizi wa namna hiyo hamwibii mtu mmoja, anaiba mvua ya watu wote.

Alimkuta bibi yake ameketi kwenye mkeka mlangoni, mahali ambapo kigoda kilikuwa. Jirani alikuwa ametoka hapo muda huo huo. Twaambo alitua dumu, akapiga magoti, akapiga makofi taratibu kama mtoto anayemsalimu mkubwa.

"Umemfanya baba yangu mwizi," bibi alisema. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Twaambo alilia. Alieleza kwamba alilala, kwamba alichoka, kwamba maneno yalimtoka. Aliomba bibi awaambie watu kuwa si kweli.

"Nikisema mimi, watasema mwizi anajitetea," bibi alijibu. "Mwalimu wako ameleta ujumbe. Siabasimbi na wazee wake wanapelekwa makumbusho kukitambua, na sisi tunatakiwa twende. Maneno yalitoka kinywani mwako. Kinywa hicho hicho ndicho kinachoweza kuyarudisha. Mimi nimechoka, mjukuu wangu. Sina kinywa cha akiba."

Kisha akanyoosha magoti yake kwa shida na kuomba maji ya kunywa. Twaambo hakumwambia mtu mwingine siku ile. Mara mbili alitoka kwenda nyumbani kwa Mwalimu Hanzala, na mara zote mbili aliishia njiani akarudi, akajipa kazi ya kufagia uwanja ambao tayari alikuwa ameufagia.

Siku ya safari Mzee Siabasimbi alikuwa wa kwanza kupanda lori. Alikuwa amevaa koti zito ingawa jua lilikuwa kali, na viatu vyake vilikuwa na matope makavu ya ziwa. Wazee wenzake walisogea mbali kidogo Bibi Chabota alipopandishwa. Siabasimbi hakusogea. Ukoo wake ulikuwa wa Chura na ukoo wa Bibi Chabota ulikuwa wa Fisi, na koo hizo mbili ni watani tangu zamani. Mtani haruhusiwi kukukasirikia mbele za watu, anaruhusiwa tu kukutukana.

"Fisi wamezidi," alisema. "Tulijua mnakula mizoga. Hatukujua mnakula na samani."

"Na wewe chura gani unayeishi bila maji?" Bibi Chabota alimjibu. "Nenda zako kwenye matope."

Wazee wengine walitabasamu bila kutaka. Lakini utani ule ulikuwa na ukavu ndani yake.

Katika chumba cha bonde Bi Muchindu alikuwa ameandaa viti na birika la chibwantu, kile kinywaji cha mahindi kilichochachuka kidogo ambacho kilikuwa adimu mwaka ule. Aliwakaribisha, akafungua kabati la kioo. Mzee Siabasimbi alivua viatu. Alisogea taratibu, akapiga magoti mbele ya kigoda, akapiga makofi. Kisha akaweka viganja vyake juu yake.

Mkono wake ulishuka ukafika kwenye mguu wenye kovu, ukasimama hapo.

"Ndicho," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mjomba wangu aliniambia. Alisema usiku wa mwisho pale mtoni waliwasha moto mkubwa, na moto ukakilamba mguu. Hili hapa kovu. Ndicho."

Mzee mmoja alianza kulia bila sauti. Mwingine alisema kwamba sasa mvua inaweza kuombwa mahali pake. Bi Muchindu alifuta miwani. Mwalimu Hanzala aliinamisha kichwa.

Twaambo alimtazama bibi yake. Bibi Chabota alikuwa anatazama sakafu. Ingekuwa rahisi sana. Wazee walikuwa wamefurahi, wangekibeba kigoda chao, wangeondoka. Labda hata wangemsamehe bibi kwa furaha ile. Hakuna aliyekuwa anamuuliza chochote. Lakini mkono wa mzee ulikuwa umelishika lile kovu, unalipapasa kwa dole gumba, kovu ambalo Twaambo alichapwa kwa ajili yake. Aliona mzee huyo akirudi bondeni, akiketi kwenye kigoda cha mtu mwingine na kuita mvua, na mvua isije, na wote wasijue kwa nini.

"Babu," alisema, akapiga magoti. "Hapo niliunguza mimi."

Siabasimbi aligeuza shingo.

"Niliunguza mimi nilipokuwa mdogo. Nilikisukuma mekoni. Hiki si kigoda cha malende, ni cha nyumbani kwetu. Nilidanganya. Baba yake bibi hakuiba kitu."

Mwalimu Hanzala alimwita jina lake kwa mshangao, lakini mzee aliinua mkono kumnyamazisha. Alimtazama mtoto, akalitazama kovu. Alilikwaruza kwa ukucha, masizi yakabaki kwenye kidole. Uso wake ulishuka polepole, kama gunia linalotolewa mahindi. Alijaribu kusimama akashindwa, wenzake wakamshika wakamweka kwenye kiti.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Nilikuwa sijui habari zake. Bibi alinisimulia nikalala."

"Basi kama si cha malende," mzee alisema kwa uchovu, "ni cha nini?"

Twaambo alijibu kwamba hajui. Safari hii alisema hivyo hivyo, mbele ya watu wote, na maneno hayo hayakumuua.

Ndipo Bibi Chabota aliposogea mbele kwa kushikilia ukuta. Hakupita njia ya mkato safari hii pia, ila hakuna aliyesinzia. Alisema kwamba malori yaliwashusha kwenye nchi kavu yenye miiba, na maji yalikuwa mbali kuliko walivyoahidiwa. Mama yake alikuwa mjamzito. Kila alipotoka kuteka maji alikuwa hana mahali pa kukaa, ardhi ilikuwa inaunguza. Baba yake alikata mti wa kwanza ili kufyeka shamba, ulikuwa mninga, na kabla ya kujenga ghala, kabla hata ya kumaliza nyumba, akachonga kigoda. Hakukiweka kando ya moto wanapoketi wanaume kama ilivyokuwa desturi. Alikiweka kando ya mlango, akasema anayefika amechoka akae, awe mwanamke, awe mtoto, awe mpita njia.

"Walimcheka," alisema bibi. "Walimwita mwanamume anayewapa wanawake kiti chake. Alipofariki, ndugu zake wa ukoo walichukua ng'ombe, wakachukua plau. Kigoda wakakiacha. Walisema kimekaliwa mno na wanawake."

Akamgeukia Siabasimbi.

"Mama yako alikikalia, Chura. Ule mwaka wa kwanza, mwaka wa watoto kufa. Alitoka kumzika mdogo wako akapita kwetu. Alikaa hapo mpaka jua likashuka. Alikuwa amechoka hata kulia. Mama yangu alimpa maji, wala hawakuongea."

Nje mtu alikuwa anafagia majani makavu. Mzee Siabasimbi alikitazama kigoda. Kisha alisema polepole kwamba anakumbuka siku ile. Anakumbuka alikuwa ameshika kitenge cha mama, na kwamba kulikuwa na mlango, na mama akakaa. Hakuwahi kujua ni mlango wa nani.

Alikunywa chibwantu yake yote kabla ya kusema tena.

"Njoo hapa, Fisi mdogo," alimwita Twaambo. "Umeniumiza. Usifikiri sijaumia kwa sababu nazungumza kwa upole. Nimetembea kwenye matope mpaka miguu yangu imeoza, na leo nilidhani nimefika. Sasa nitarudi kwenye matope."

"Nisamehe, Babu."

"Ngoja, sijamaliza. Kulala si kosa. Bonde zima limechoka. Walituhamisha kwa ajili ya umeme, na leo maji hayapo na umeme wenyewe haupo, tumekaa hapa gizani kama popo. Ungesema tu, sijui, nililala, watu wangecheka na mwalimu wako angekupa siku nyingine. Lakini ukichoka ukadanganya, mzigo wako hauutui, unawabebesha wenzako. Umembebesha bibi yako, umenibebesha mimi, na marehemu pia, ambaye hawezi kujitetea. Umesikia?"

Twaambo alisema amesikia.

"Na leo umesema kweli wakati hakuna aliyekuwa anakuuliza. Hilo nalo nimeliona." Mzee alijikohoza. "Lakini mtani akikosa hulipa. Faini yako ni hii. Nitakuja Siamuloba kukusimulia habari za malende, mwanzo mpaka mwisho, na wewe utawasimulia wenzako shuleni. Ukisinzia, fimbo hii iko hapa."

"Atasinzia," Bibi Chabota alisema. "Habari za vyura hazina chumvi."

Wazee walicheka, na safari hii hawakujizuia. Mmoja wao, yule aliyekuwa amelia, alimsogezea Bibi Chabota kiti, akamwambia kwamba akifika bondeni yeye mwenyewe atapita kisimani asubuhi na kuwaeleza wanawake. Mwalimu Hanzala alisema kwamba redio nayo itaelezwa. Kisha, bila kumtazama mtu, akaongeza kwamba siku ile ya kwanza aliona uso wa Twaambo akajua kuna kitu, lakini alinyamaza kwa sababu alipenda kuona darasa lake likisifiwa. Akasema hatanyamaza tena.

Bi Muchindu alitaka kukirudisha kigoda ndani ya kabati. Alisema habari zake za kweli ni nzuri kuliko zile za uongo, na kwamba kinastahili kioo. Bibi Chabota alikataa. Alisema baba yake hakukichonga kitazamwe. Wakikitaka kwa kuazima, wakiweke nje ya mlango wa chumba, na atakayefika amechoka akae.

Bi Muchindu aliwaza. Makumbusho yalikuwa na sheria zake, na mlinzi alikuwa anatikisa kichwa. Mwishowe alikibeba mwenyewe, safari hii kwa mkono mmoja, akakiweka kando ya mlango kwenye kivuli. Alimwambia mlinzi kwamba kile kimoja kitakaliwa.

Lori lilikuwa bado linamsubiri dereva, ambaye alikuwa amekwenda kula. Wote walitoka wakasimama barazani. Twaambo alisogea kumshika bibi yake mkono ili amkalishe kwenye kigoda, lakini bibi alimsukuma begani.

"Kaa wewe," alisema. "Umeamka kabla yetu sote."

Twaambo aliona aibu, akasita, akakaa. Mti ulikuwa na joto la mchana. Miguu yake ililegea, na mgongo wake ukapata ukuta wa kuegemea. Mzee Siabasimbi alivuta kiti chake kutoka chumbani, akailaza fimbo yake juu ya magoti, akasema hakuna sababu ya kusubiri mpaka Siamuloba.

Alianzia mbali, kwa mto kabla haujawa ziwa. Macho ya Twaambo yalikuwa mazito. Mara moja yalifumba, na fimbo ikamgusa kwenye kiatu. Aliyafumbua, akauliza mwita mvua wa zamani aliitwa nani, na mzee akamjibu. Dereva alirudi, akapiga honi, akaambiwa asubiri. Hadithi ilikuwa ndefu, na Twaambo aliisikia yote.